Poda ya elfu nane kwenye joto la Dar: nimeivaa siku 12, mrejesho huu hapa

BintiPantoni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wapendwa.

Mwezi wa pili huu, wenzangu wa Dar mnajua hali ilivyo. Kaskazi inavuma lakini haipoozi kitu, ukitoka kuoga hujamaliza kujifuta umeshalowa tena. Mimi ni maji ya kunde, uso wangu una mafuta pajini, puani na kidevuni, mashavu makavu kiasi. Nakaa Kigamboni, kazi yangu ni ya dukani huko Posta, nasimama mbele ya wateja kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kila siku navuka na pantoni. Wanaovuka hawahitaji kuelezwa: mmebanana mkisubiri, geti likifunguliwa wote mnakwenda mbio, mkishuka Magogoni uso umeshamaliza kazi ya siku nzima.

Miaka miwili nilikuwa sipaki kitu zaidi ya losheni na wanja. Kila poda niliyojaribu ilinitoa michirizi kabla ya saa nne asubuhi, nikaamini kwamba poda za bei poa hazikutengenezwa kwa ajili ya joto letu na kwamba zile nzuri ni za wenye hela. Mwezi uliopita niliingia duka la dawa kununua dawa ya kichwa, kwenye rafu ya vipodozi nikaona poda ngumu ya gramu 12, ina kioo na kisponji ndani, shilingi 8,000. Rangi zilikuwa sita. Nikaichukua. Jina siliweki kwa sababu sitaki uzi ugeuke wa kutangaziana bidhaa, na pia niliyojifunza hayahusu poda hii peke yake.

Siku ya 1. Nilifanya kama nilivyozoea: nimenawa, losheni, sanskrini ya kukinga jua, hapohapo poda, nikaisugua na kisponji uso mzima mpaka nikajiona nimekamilika. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko kwenye foleni ya pantoni, nasikia jasho linatambaa chini ya poda. Siyo juu, chini. Nilipofika kazini pembeni mwa pua poda ilikuwa imegandamana mabonge madogo madogo, na juu ya mdomo kulikuwa na michirizi miwili. Nikafuta na hankachifu, ikatoka baka zima kidevuni, kwingine imebaki. Siku ile sikujisikia kumwangalia mteja usoni.

Siku ya 2. Nikaongeza poda nikidhani ilikuwa kidogo. Ikawa mbaya zaidi.

Siku ya 3 nilikuwa na mapumziko, nikaamua kuichunguza nyumbani. Nikanawa, nikapaka losheni kidogo, nikapaka sanskrini, kisha nikakaa mbele ya feni dakika ishirini bila kugusa uso. Nikabana paji la uso na tishu, nikaona tishu imelowa. Yaani dakika ishirini baadaye uso ulikuwa bado unatoa unyevu! Nikasubiri tena mpaka tishu itoke kavu, ndipo nikagonga poda kidogo sana: paji, pua, kidevu, chini ya macho basi. Mashavu sikuyagusa. Nikaingia jikoni nikapika pilau, jiko la mkaa, saa moja na nusu. Jasho lilinitoka kama kawaida, lakini poda haikufanya mabonge. Ilipungua, ikawa nyembamba, ila haikuacha mabaka.

Nikajiuliza, hivi miaka yote hii shida ilikuwa poda au ilikuwa haraka yangu ya asubuhi?

Nitaendelea. Wenye uzoefu karibuni, hasa mnaotoka nje mapema.


MpambajiTanga

Dada, umegusa penyewe. Mimi napamba maharusi mwaka wa tisa huu, hapa Tanga na vijijini huko ambako umeme ni wa mashaka, feni hakuna. Kitu cha kwanza namwambia bibi harusi: oga maji ya baridi mapema, halafu nipe nusu saa ukae umevaa kanga tu, mlango wazi. Kama mtu ametoka kuoga maji ya moto, au ametoka kucheza ngoma na somo yake, nikimpaka nitakuwa najenga juu ya maji.

La pili, kisponji. Kukisugua ni kukivuruga kilicho chini. Sanskrini na losheni zimetandaza utando, ukisugua unauvunja, ndiyo maana unapata vinyuzi vinavyojikunja kama vya kifutio cha penseli. Gonga, bana, inua. Usiburute.

La tatu linahusu picha, maana wengi wanalia baada ya harusi. Poda nyeupe zile za kopo, zinazouzwa kwa jina la kutokuwa na rangi, nyingi zina silika kwa wingi au titani dioksidi. Kwa macho unaona uso umetulia, flashi ikipiga unaonekana umemwagiwa unga. Ngozi nyeusi inaonyesha zaidi. Kabla hujamtoa bibi harusi nje, zima taa, mpige picha ya simu na flashi. Kama chini ya macho pamekuwa peupe, chukua brashi kavu safi upanguse, kisha bana na poda ya rangi yake.


Msukuma_wa_Posta

Samahani akina dada, mimi mwanaume nauliza kwa nia njema. Ni mshereheshaji, nasimama ukumbini masaa sita chini ya taa, kwenye video paji langu linameta mpaka watu hawaoni macho. Poda nikipaka naonekana nimepaka. Nifanyeje?


MpambajiTanga

Kaka yangu, usianze na poda, anza na tishu. Bana uso kila ukipata nafasi, usifute. Kisha tafuta poda inayofanana kabisa na paji lako, siyo mkono wako, na upitishe brashi pajini na puani tu. Ikionekana basi rangi siyo yako au umezidisha. Watangazaji wa runinga wa kiume wanapakwa kila siku na hamjui.


BintiPantoni

Nimerudi. Da' Mpambaji asante sana, hilo la kubana badala ya kuburuta ndilo lililonibadilishia wiki.

Siku ya 4 hadi ya 7 nilibadilisha ratiba. Naamka dakika ishirini mapema, naoga, napaka losheni ile nyepesi ya maji maji, na sanskrini, halafu napiga pasi nguo, nachemsha chai, namwandaa mtoto. Uso unajikalia. Poda sipaki nyumbani kabisa. Naiweka kwenye mkoba na tishu tano kavu. Navuka na pantoni na uso mtupu, natembea hadi kazini, nakaa kivulini dakika kumi mpaka mapigo yatulie, nabana uso na tishu, ndipo nagonga poda. Inachukua dakika tatu.

Tofauti niliyoiona siwezi kuificha. Siku ya 5 poda ilikaa kuanzia saa mbili kasorobo hadi saa saba mchana bila kuguswa. Saa saba pua ilikuwa inameta. Nikabana na tishu KWANZA, kisha nikagusa poda puani tu. Ikanifikisha saa kumi na moja. Zamani nilikuwa naongeza poda juu ya mafuta, nikapata ule mchanganyiko unaofanana na ugali ulioungua kidogo pembeni.

Ila nina swali. Rangi. Asubuhi inalingana na uso vizuri, mchana naona imekuwa nyeusi zaidi, inaelekea chungwa. Muuzaji aliniambia poda "inaoza na hewa". Ni kweli?


Mfamasia_Ilala

Hapana dada, haiozi na hewa kwa masaa sita. Rangi ya poda inatokana na oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, ambazo zenyewe ni kama kutu iliyokwisha kuwa kutu. Kinachotokea ni rahisi. Tazama mchanga wa Coco Beach: mkavu ni mweupe, wimbi likipita unakuwa mweusi. Mchanga ni uleule, umelowa tu, mwanga haurudi kwa wingi kama mwanzo. Poda ikinyonya mafuta ya ngozi yako hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo mwenye mafuta mengi achukue rangi iliyo pungufu kidogo ya ile inayolingana naye dukani, au asubiri nusu saa baada ya kujaribu ndipo aamue.

Niongeze kuhusu yaliyomo, kwa sababu kwenye joto ndiko yanakojieleza. Talki ni jiwe la magnesiamu na silikoni lililosagwa, ndiyo madini laini kuliko yote, kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini yako namba 1. Chembe zake ni bapa, zinateleza, zinashika mafuta kiasi na hazipendi maji, kwa hiyo jasho haliziyeyushi. Silika ina vitundu, inanyonya mafuta vizuri kuliko talki. Kaolini, ule udongo mweupe, hunyonya mafuta na maji yote mawili, nzuri kwa mwenye mafuta, mbaya kwa ngozi kavu. Wanga wa mahindi unanyonya jasho, lakini ukilowa sana unavimba na kufanya madonge. Magnesiamu stearati inasaidia poda ishike ngozi. Ulanga (mica) unaleta mng'ao. Ukiona ulanga umetajwa wa kwanza kwenye orodha na wewe tayari unameta, iache, maana viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi.

Unaona sasa kwa nini bei haisemi sana? Viambato hivi vyote si ghali. Kwenye bei kubwa unalipia usagaji laini zaidi, wingi wa rangi, kopo zuri na jina.


Mrembo_Masaki

Mimi sikubaliani. Nimetumia za bei ndogo miaka mingi, zote ziliniacha nimepauka kama nimetoka kwenye vumbi. Nilipohamia za bei kubwa ndipo nilipopata rangi yangu. Mimi ni mweusi tii.


BintiPantoni

Dada yangu Mrembo, hapo nakupa haki yako yote. Kwa mweusi tii shida ya kwanza siyo joto, ni rafu. Miaka mingi tuliletewa rangi tatu na ya tatu bado ilikuwa nyeupe kwetu. Nchini Marekani ilibidi Eunice Johnson aanzishe vipodozi vya Fashion Fair mwaka 1973 kwa sababu wanamitindo weusi walikuwa wanachanganya wenyewe rangi ili wapate ya kwao. Mwanamuziki Rihanna alipotoa vipodozi vyake vya Fenty Beauty mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni, zile nyeusi ndizo zilizoisha haraka madukani, na wakubwa wengine wakafuata mkondo. Kenya ikauziwa rasmi mwaka 2022. Sasa hata kwenye rafu za bei poa naona rangi zimeanza kushuka chini, lakini duka nililonunua mimi lilikuwa na moja tu ya kumfaa mtu mwenye rangi yako, na ilikuwa imeelekea wekundu. Mdogo wangu ni mweusi kama wewe, alijaribu akatoka na majivu. Simwambii mtu kama huyo kwamba elfu nane itamtosha, itategemea kama rangi yake ipo.


Mwanamvita

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, na joto letu na lenu ni mamoja. Nasoma nikamkumbuka nyanya. Yeye poda hakuijua mpaka uzeeni. Alikuwa na jiwe lake, akisugua liwa, ule mti wa kunukia, na marashi ya mawaridi mpaka iwe uji mzito, akijipaka usoni mchana wa jua kali akiwa ndani. Ikikauka akiinawa, uso ukabaki umepoa na wanukia. Hakuwa akitoka nayo mjini, lakini wazo ni lile lile analosema BintiPantoni: uso upozwe kwanza, mapambo baadaye. Mimi hadi leo wakati wa kaskazi najipaka liwa nusu saa kabla ya kwenda harusini, nainawa kwa maji ya mtungini, nangoja, kisha poda. Yashika.

Ila mwenye ngozi nyepesi kukwaruzika aijaribu nyuma ya sikio kwanza.


Mama_Chamwino

Huku Dodoma ni kinyume chenu. Jua ni kali, lakini jasho linakauka lenyewe kabla hujaliona. Poda haitelezi, inapasuka! Mashavu yanakuwa kama udongo wa bwawa lililokauka. Nilipohama kutoka Dar nilikuja na poda ileile, nikadhani nimeuziwa feki. Kumbe huku losheni lazima iwe nzito, na poda iwe pua tu. Mwenye kusoma uzi huu akiwa Dodoma au Singida asifuate ratiba ya pwani moja kwa moja.


Kibibi_wa_Temeke

Dada zangu, nimesikia talki inaleta saratani. Nina kopo la poda ya mtoto nimekuwa napaka usoni na kwapani tangu nikiwa shule. Naogopa. Mfamasia tafadhali.


Mfamasia_Ilala

Dada Kibibi, nakuelezea kwa utaratibu, usiwe na hofu ya kukunyima usingizi. Mwezi Julai 2024 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka talki kwenye kundi 2A, maana yake pengine inasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi kwa watu walisema ni mdogo, na ulihusu saratani ya ovari, hasa kwa wanawake waliokuwa wakiipaka sehemu za siri. Kwa wanyama ushahidi ulitosha. Jambo jingine ni kwamba mawe ya talki huweza kukaa ardhini jirani na asbesto, na asbesto inajulikana wazi kuwa inasababisha saratani, kwa hiyo talki ya vipodozi inatakiwa kupimwa. Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya mtoto yenye talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na duniani kote mwaka 2023, wakahamia wanga wa mahindi.

Ninachowashauri wanaokuja dirishani kwangu: sehemu za siri usipake poda ya aina yoyote. Mtoto mchanga usimpulizie poda, mapafu yake hayaihitaji. Usoni tumia poda ngumu ya kugonga kuliko ya kopo inayorusha vumbi, na ushike pumzi unapoigonga puani. Kama moyo hautulii, zipo zisizo na talki, soma nyuma ya kopo.

Na kwa wote: poda inayoahidi kukung'arisha au kukutakatisha iache dukani. Poda ya kawaida kazi yake ni kukausha na kusawazisha. Hydrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi) na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, shirika letu la viwango. Kopo lisilo na orodha ya viambato, wala namba ya toleo, wala tarehe, hata liwe la elfu mbili, ni hasara.


Mrembo_Masaki

Swali kwa mfamasia. Poda yangu imeandikwa SPF 20, kile kipimo cha kinga ya jua. Naweza kuacha sanskrini? Ingenipunguzia tabaka moja kwenye joto hili.


Mfamasia_Ilala

Usiache. Kipimo cha SPF kinafanywa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Ukipaka poda kiasi hicho uso mzima utakuwa umevaa plasta ya ukuta. Tunachopaka sisi ni kidogo mno kwa hiyo hupati hiyo 20. Punguza losheni, sanskrini nyingi zina unyevu wake wa kutosha kwa ngozi ya mafuta.


BintiPantoni

Hilo la kuacha losheni nimelijaribu siku ya 9 na ya 10, sanskrini peke yake. Kwa ngozi yangu na joto hili limefaulu. Tabaka moja limepungua na tishu ya asubuhi inatoka kavu mapema. Mwenye mashavu makavu apake losheni mashavuni tu.

Siku ya 8 nilikosea kitu, nakiandika ili kisimpate mwingine. Poda ilianza kugoma, kisponji hakishiki kitu, na juu ya poda pametokea utando mgumu unaong'aa. Nikataka kurudisha dukani. Kumbe ni mafuta ya uso wangu mwenyewe, nilikuwa napeleka kisponji kutoka puani kwenda kwenye poda kila mchana bila kukifua. Nimebandika selotepu juu ya ule utando nikaibandua, ukatoka, chini poda ikawa nzima kama mpya. Kisponji nimekifua kwa sabuni ya kipande, nimekianika juani. Sasa ninavyo viwili, vya mia tano tano, kimoja kinafuliwa kingine kinafanya kazi. Tangu hapo hata vile vipele vidogo vya kidevuni vimepungua.

Siku ya 11 umeme ulikatika dukani kuanzia saa tatu, feni hakuna, wateja wamejaa. Huo ndio mtihani niliokuwa nauogopa. Nilibana na tishu mara nne, poda niligusa mara moja. Kufika saa nane pajini ilikuwa imeisha, puani imebaki kidogo, lakini imeisha taratibu, haikuacha mabaka wala michirizi. Mteja mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza napaka nini. Nilifurahi mno, sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa hivyo.

Jana, siku ya 12, nilifanya jaribio la makusudi. Nikarudia utaratibu wa siku ya 1 kwa nusu ya uso, kushoto nikapaka nyumbani kwa haraka, kulia nikasubiri hadi kazini. Poda ileile, mtu yuleyule, pantoni ileile. Saa tatu asubuhi kushoto kulikuwa na michirizi. Kulia kulikaa hadi saa saba. Picha ninazo, nitaziweka nikipata bando.


Msukuma_wa_Posta

Mrejesho wangu: tishu pajini na poda kidogo kwa brashi. Jumamosi nimesimamia sherehe Mbezi, ukumbi hauna kiyoyozi, video nimeiona leo. Macho yangu yanaonekana. Da' Mpambaji ubarikiwe.


Mdau_Mwanza

Dada BintiPantoni, gramu 12 inakaa muda gani kwa matumizi hayo? Na spreyi ya kushikilia vipodozi umejaribu?


BintiPantoni

Spreyi sina. Poda nimetumia siku 12 na bado sijaona bati la chini, kwa kiasi hiki kidogo naona itavuka miezi mitatu. Nyuma ina ile alama ya kopo lililofunguliwa, imeandikwa 24M, yaani miezi ishirini na minne tangu kufunguliwa, kwa hiyo itaisha kabla haijaharibika. Nimeandika tarehe niliyoifungua kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya bei.

Masika yakianza nitaijaribu tena. Joto linapungua ila hewa inakuwa nzito kuliko sasa, na nahisi ile tishu ya asubuhi itachelewa kukauka. Nitaleta mrejesho humuhumu.